Barua ya wazi kwa kamati ya kundi letu la kujenga modeli za ndege za plastiki Leicester: turudishieni tuzo ya Mzee kama ilivyokuwa

Mwenyekiti, Mama Katibu, Mweka Hazina na wengine wote wa kamati,

Shikamooni wakubwa zangu, na mlio rika langu habari za siku nyingi. Naandika kwa Kiswahili maana ndo lugha ya meza ya marehemu Mzee wetu, aliyekuwa anafundisha watoto kuunganisha ndege, tangu siku ya kwanza, na wewe Mwenyekiti umezaliwa Mombasa, Kiswahili kiko mdomoni mwako, hatuna haja ya kupitia Kingereza ndo tuelewane. Na naiweka barua hadharani kwa sababu watu waliomjua Mzee wametawanyika, wengine Nairobi, wengine Dar, wengine Toronto, na tangu tangazo lenu litoke simu yangu haijapumzika, kila mtu anauliza jamani tuzo ya Mzee mmeifanya nini.

Nianze na tangazo lenyewe. Lilitoka mwezi uliopita, mistari sita tu, na mstari wa nne unasema tuzo ya kumbukumbu kuanzia mwaka huu itaenda kwa "modeli bora ya ndege ya kale". Nikausoma, nikarudia tena. Ile karatasi ya mwanzo, tuliyoiandika wenyewe jikoni kwa mjane wake wiki ya arobaini, inasema "modeli bora iliyojengwa kutoka boksi la kale". Naona mmebadilisha neno moja, boksi limekuwa ndege, na pengine aliyeandika hata hakuona kama kuna tofauti, ila kwa hilo neno moja tuzo imeshakuwa kitu kingine kabisa.

Tuelewane hapa maana wanaosoma barua hii sio wote wanajenga. Boksi kwetu ni seti ya vipande vya plastiki vya kuunganisha. Spitfire, ile ndege ya vita ya Uingereza, ni ndege ya kale, imeruka mara ya kwanza mwaka 1936. Lakini boksi la Spitfire lililotoka kiwandani mwaka jana ni boksi jipya, kila kipande kimechorwa kwa kompyuta, bawa linaingia kwenye bodi bila hata kupiga msasa, na ndani kwa rubani kuna mpaka mikanda ya kiti. Ni kazi nzuri na mimi mwenyewe nayajenga hayo mapya na kuyafurahia. Boksi la kale ni habari nyingine. Pale tunaongelea plastiki iliyomwagwa kwenye kalibu iliyochongwa na fundi kwa mikono miaka ya hamsini, sitini, sabini, ribiti zimevimba juu ya bawa kama chunusi, nusu mbili za bodi zinapishana, kioo cha rubani ni kinene kama kitako cha chupa, na ndani hamna kitu, ni kirubani kimoja tu kimekaa juu ya kijiti.

Na hizo modeli ndo zilizoanzisha yote haya. Kampuni ya Frog walitoa modeli zao za Penguin mwaka 1936, plastiki tupu, skeli ya 1/72, yaani ndege halisi imepunguzwa mara 72, ambayo mpaka leo tunaitumia. Kampuni nyingine, Airfix, waliweka modeli ya meli ya Golden Hind kwenye mfuko wa plastiki mwaka 1952 wakauza kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili, mwaka uliofuata Spitfire ikaja, na kuanzia hapo mtoto wa mfanyakazi wa kawaida akawa anaweza kwenda dukani Jumamosi na hela yake ya mfukoni akarudi na ndege. Frog walifunga 1976 na kalibu zao nyingi zikaenda Urusi ya Kisovieti zikawa zinauzwa kwa jina la Novo, Airfix nao wakaanguka 1981 wakapita mikono kadhaa mpaka kampuni ya Hornby wakawachukua 2006. Yaani mtu akishika boksi la namna hiyo ameshika historia ya watu waliofanya kazi kiwandani, na ya mchoraji pia, maana sijui kama kuna mtoto wa enzi zile aliyeweza kupita mbele ya michoro ya Roy Cross kwenye maboksi ya Airfix bila kusimama, yule bwana aliyefariki 2024 akiwa na miaka 100.

Sasa Mzee. Wengi wenu kwenye kamati mmeingia kundini akiwa ameshazeeka, mnamkumbuka kama yule babu wa kona anayewagawia watoto biskuti. Mimi nilimkuta mapema kidogo, nimekuja Leicester kufanya kazi ya uuguzi, mwanangu akiwa na miaka sita hatulii, mtu akaniambia kuna mzee kwenye ukumbi wa jamii anafundisha watoto kuunganisha ndege Jumamosi bure. Nikampeleka mtoto ili nipate saa mbili za kulala, nikaishia kukaa mwenyewe.

Mzee alikuwa fundi wa ndege uwanja wa Embakasi, Nairobi, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lile la nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, lililoanza 1946 na kufa 1977 pamoja na Jumuiya. Alikuwa na mapenzi na ndege moja ya abiria kuliko zote, Super VC10. Shirika lilikuwa nazo tano, ya kwanza ilifika 1966, injini nne za Conway zote nyuma chini ya mkia, na zile zetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo mbele upande wa kushoto, ambao za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, hazikuwa nao. Moja ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafa. Mzee tarehe hiyo kila mwaka hakushika brashi wala gundi, alikuja ukumbini akakaa tu, na sisi tukajua.

Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kufa na jeshi la anga la hapa likazigeuza kuwa ndege za kujaza mafuta angani. Ile yenye namba ya usajili 5H-MMT ikapewa namba ya jeshi, ZA147. Na tarehe 25 Septemba 2013 ndo ndege hiyohiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani, ikatua Bruntingthorpe, hapa hapa Leicestershire, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka ukumbini kwetu. Mzee alikuwepo kwenye uzio. Alituambia alipoisikia sauti ya zile Conway hakuhitaji kuinua macho, aliijua kabla haijaonekana, ndege aliyoifunga nati kwa mikono yake Nairobi imemfuata mpaka nyumbani kwake.

Ile modeli yake ya VC10 iliyoko kwenye kabati la kioo ukumbini, ambayo nyie kwenye tangazo mmeweka picha yake, mnajua imetoka boksi gani? Ni Airfix ya zamani ya 1/144, ya miaka ya sitini, boksi la BOAC. Mimi nilikaa pembeni yake akiijenga na ilichukua majira mawili ya baridi. Bodi ina urefu wa sentimita 36 hivi na nusu zake mbili zilikuwa zimepinda kama ndizi, akazifunga kwa selotepu na vibanio vya nguo na kupaka gundi sentimita tatu tatu, anaacha usiku mzima, kesho yake tatu nyingine. VC10 uzito wote uko nyuma, usipoweka kitu puani inakaa mkia chini, basi akaniagiza nimletee kutoka Tanga chubwi za wavuvi, zile risasi za mshipi, nikamletea sita, akazipondaponda kwa nyundo akazishindilia puani nyuma ya kioo cha rubani. Ule mlango wa mizigo haumo kwenye boksi la BOAC, akauchora kwa sindano ya kushonea aliyoichomeka kwenye kipini cha penseli, mstari mmoja kwa mara thelathini, polepole, akifuata kipande cha mkanda alichobandika. Simba wa kwenye mkia, nembo ya shirika, kampaka kwa mkono. Stika haikuwepo na hakuitafuta. Brashi aliyotumia alikuwa ameipunguza nywele kwa wembe zikabaki tatu au nne.

Hapo ndo nilipoielewa sheria yake, ambayo baadaye tukaiandika kwenye karatasi ya tuzo: unajenga kilichomo ndani ya boksi, na kilichopungua unakitengeneza mwenyewe. Kuchora mlango ruksa. Kukata bodi ruksa. Kuchonga kiti cha rubani kwa kadibodi ya sanduku la viatu ruksa. Kununua chumba kizima cha rubani cha rezini au cha 3D printa na kukidumbukiza ndani, hapana, hiyo ipeleke kwenye vikombe vingine, viko vingi na vyote ni vya heshima. Stika tu ndo aliziruhusu kununuliwa kwa sababu za zamani zinakuwa njano na ukiziweka majini zinapasuka vipande, na hilo hata yeye alisema halina maana ya kumtesa mtu.

Nije kwa mwaka jana, na hapa nitaongea kwa uangalifu. Mwaka jana kabla hata ya tangazo hili majaji walishaanza kuhukumu hivyo, na tuzo ya Mzee ikaenda kwa modeli ya boksi jipya yenye vipande vya ziada vya kununua. Aliyeijenga simlaumu hata kidogo, ni rafiki, rangi yake ilikuwa safi sana na aliingiza fomu pale alipoambiwa aingize. Lakini kwenye meza ya korido, karibu na mlango wa choo, kulikuwa na Dakota, ndege ya zamani ya injini mbili, ya boksi la kale la Airfix, imejengwa na kijana wa miaka kumi na tatu, rangi kwa brashi, mshono wa juu ya bodi umefutwa mpaka huoni plastiki ilipokutana, na antena katengeneza kwa plastiki ya ile fremu inayoshika vipande, aliyoivuta juu ya mshumaa ikawa nyembamba kama unywele. Nilisimama pale dakika ishirini. Hakuna jaji aliyeinama kuangalia ule mshono. Kijana alifungasha ndege yake kwenye boksi lake akaenda zake, na mwaka huu hajarudi.

Nimesikia sababu zenu, Mama Katibu alinieleza kwa simu vizuri tu na nashukuru kwa muda wake. Mnasema walioingia ni wachache, mwaka juzi wanne, mwaka jana watatu. Ni kweli. Ila kumbukeni fomu zilitoka wiki tatu kabla ya maonyesho, na boksi la kale halijengwi kwa wiki tatu, puti ya kuziba mapengo peke yake inataka kukauka, unapiga msasa, unapaka rangi ya chini unagundua shimo lingine, unarudia. Tangazeni Januari muone.

Mnasema pia maboksi ya kale ni ghali. Yale yaliyofungwa bado na nailoni yake ndiyo, hayo wanayataka wakusanyaji na bei yao siwezi. Lakini karatasi yetu haikusema boksi lazima liwe limekaa darini miaka hamsini. La kale kwetu ni kalibu. Airfix wenyewe wanatoa tena modeli za kalibu za zamani kwenye mfululizo wa Vintage Classics, unaingia duka lolote la modeli unanunua kwa bei ya chakula cha jioni, boksi jipya kwa nje lakini plastiki imetoka kwenye kalibu ileile iliyomtoa jasho baba yako. Hiyo inaingia kwenye tuzo bila swali. Na mkitaka mwaka wa kukatia, Mzee alishatupa, 1977, kalibu yoyote iliyotoa modeli yake ya kwanza kabla ya hapo. Aliuchagua yeye na nyote mnajua kwa nini.

Na kuna kabati la stoo. Hili ndo limeniuma zaidi na tangazo halikuligusa ila nimeliona kwenye ajenda ya mkutano ujao, kipengele cha saba, kuuza maboksi ya Mzee ili kununua taa mpya za meza za maonyesho. Jamani. Mle ndani kuna maboksi hamsini na nane, nimeyahesabu na mjane wake wakati tunayahamisha, kuna Frog, kuna Novo, kuna za kampuni ya Matchbox zile za plastiki ya rangi mbili tatu, kuna Comet mbili, ndege ya abiria ya jeti. Mengi yamefunguliwa, mengine kipande kimoja hakipo, mkusanyaji hatatoa hela ya maana. Na kwenye mfuniko wa kila boksi Mzee aliandika kwa penseli, mkono wake ule wa kifundi, wakati tayari vidole vinamtetemeka, "bawa la kulia limepinda, weka maji ya moto", "gurudumu la mbele hamna, chonga", "hii rahisi, mpe mtoto". Mtu anayetaka kuuza haandiki hivyo. Aliandika hivyo kwa ajili ya mtu atakayefungua boksi akiwa peke yake na yeye hayupo tena wa kumuelekeza. Taa tutachanga, mimi naanza na pauni ishirini leo hii, Mweka Hazina niandike.

Ninachoomba kwa kamati, nakisema moja kwa moja. Rudisheni neno boksi kwenye tuzo, na mwaka 1977, na ile sheria ya kilichomo na kilichotengenezwa kwa mkono. Anayeshindana aweke boksi lake na karatasi ya maelekezo pembeni ya modeli, kama tulivyofanya mwaka wa kwanza, ili jaji aone alianzia wapi, maana bila boksi pale jaji hawezi kujua kwamba hilo bawa limenyooka kwa sababu mtu alilinyoosha. Majaji wawe wawili, na angalau mmoja awe mtu aliyewahi kumaliza modeli ya kale mwenyewe. Meza itoke korido. Na maboksi ya stoo yabaki, anayeingia kundini hana boksi apewe moja, akimaliza alilete kwenye tuzo ya Mzee, na hapo hata hiyo hesabu ya washindani wachache itajirekebisha.

Mwenyekiti, najua mna mengi, ukumbi umepanda kodi na wanaojitolea ni walewale kila mwaka, na kuna watu wanaongea sana na kazi hawafanyi. Mimi najitolea kusimamia tuzo hii, kuandika fomu, kupanga meza, kupiga simu, kila kitu, na kuna wengine wanne wameniambia tuko pamoja, majina nitakuletea kwa mkono. Mjane wa Mzee hajui bado habari ya kipengele cha saba. Sijamwambia na sitamwambia mpaka mkutano upite, maana naamini mtakiondoa.

La mwisho ni la nyumbani kwangu. Mwanangu yule asiyetulia sasa ana miaka kumi na minne na Krismasi iliyopita, kwa ruhusa ya mjane, alichukua Comet moja kati ya zile mbili. Boksi ni la Comet 4B, ya BEA, shirika jingine la ndege la Uingereza. Za shirika letu zilizokuja 1960 zilikuwa Comet 4, fupi zaidi kwa bodi na pana zaidi kwa mabawa, na zina tangi la mafuta limechomoza mbele kwenye kila bawa, kwa hiyo inabidi ukate na uunge. Alipiga hesabu mwenyewe kwenye daftari la shule, akakata milimita 14 kwenye bodi kwa msumeno mwembamba, akaongeza saba na nusu kila bawa kwa vipande vya plastiki chakavu, na matangi anachonga kwa vijiti vya kulia vya mgahawa wa Kichina. Kwenye mfuniko Mzee alikuwa ameandika "Embakasi, ukiweza". Saa hizi ninavyoandika bodi iko dirishani jikoni imebanwa na vibanio vya nguo, haiguswi mpaka kesho asubuhi. Fomu za mwaka huu zinafungwa tarehe 30 na ameniuliza ajaze ya tuzo gani, nikamwambia asubiri kwanza kamati ijibu.

Wenu kwenye kundi,
Mama wa kijana wa Comet
Leicester